Kifutu, nyoka asiyekupisha njia

Picha ya nyoka aliyekatwakatwa kwa panga ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wowote wa pembezoni mwa Dar es Salaam, Goba, Chanika au Kibada, jibu la kwanza huwa lilelile: "Huyo koboko." Akiwa mweusi ni koboko. Akiwa wa kijivu ni koboko. Akiwa mnene mwenye madoa, mmoja atasema ni mtoto wa chatu, na mwingine atambishia kwamba ni koboko jike. Sifa za nyoka wote wa nchi hii kabebeshwa mmoja, huku yule anayetajwa kila mara miongoni mwa nyoka wanaouma watu wengi zaidi barani Afrika akipita hivihivi bila kutambuliwa. Huyo ni kifutu, ambaye kwingine huitwa moma au bafe. Jina lake la kisayansi ni Bitis arietans.

Koboko ana sumu inayoua haraka zaidi, hilo halina ubishi. Lakini koboko ni mwepesi na ana macho makali. Akihisi hatua zako, mara nyingi huwa ameshaondoka kabla hujajua kama alikuwepo. Kifutu haondoki. Amelala pembeni ya njia, amehisi mtetemo wa miguu yako ardhini, na bado kabaki palepale. Hatari yake yote iko hapo, na ndipo pa kuanzia ukitaka kumwelewa. Umbo lake, rangi yake, anavyowinda, hata sehemu ya mwili anayokuuma, vyote vinatokana na tabia hiyo moja ya kukaa na kusubiri.

Yeye ni nyoka wa savana: nyasi, vichaka vilivyoachana, miamba, mashamba. Ameenea karibu Afrika yote ya kusini mwa Sahara hadi Afrika Kusini, yuko pia Moroko, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu yuko magharibi mwa Bara Arabu. Anakwepa majangwa makavu kabisa na misitu minene ya mvua. Kwa maelezo hayo mtu wa Dar anaweza kudhani hayamhusu. Lakini jiji hili limekaa juu ya ardhi hiyohiyo ya nyasi na vichaka vya pwani, na bado linatanuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3, na wanaojenga sasa hawajengi Kariakoo. Wanakwenda Msongola, Madale, Mabwepande, ndani huko Kigamboni. Aliyehamia ni mtu, nyoka alikuwepo.

Na ujenzi wetu unamfaa sana. Mtu ananunua kiwanja, anashusha matofali, anapandisha ukuta hadi kwenye linta, hela inakata. Pagale linakaa miaka. Majani yanafika dirishani, mirunda imelazwa chini, matofali yaliyobaki yamepangwa kwenye kona. Panya wanaingia kwa sababu jirani kalima mihogo au anafuga kuku, na punje hazikosekani. Panya ndio chakula kikuu cha kifutu, ingawa hawaachi vyura, mijusi wala ndege. Halafu siku mwenye kiwanja anapata hela, saidia fundi anatumwa kuhamisha matofali, naye anapenyeza vidole chini ya tofali la mwisho kabisa, mahali ambapo hawezi kuona kitu. Ni kwa njia hiyo watu wengi huumwa mkononi. Wanaoumwa mguuni, ambao ndio wengi zaidi, huumwa usiku wakiwa na kandambili, wakitoka chooni au wakikata njia kwenye kiwanja cha mtu.

Kumtambua

Ukimwona ametulia, kitakachokushangaza ni unene. Kifutu wa kawaida ana urefu wa karibu mita moja, pengine pungufu, lakini mwili umejaa na umebonyea chini, kisha mkia unakatika ghafla, mfupi. Kichwa ni kipana na bapa, kimeachana wazi na shingo, na matundu ya pua yanatazama juu. Ngozi haing'ai. Kila gamba la mgongoni lina mwinuko mwembamba katikati, kwa hiyo mwili wote unaonekana mkavu na wenye kukwaruza.

Alama ya uhakika iko mgongoni. Kuanzia shingoni kurudi nyuma kuna michoro myeusi yenye umbo la V, iliyopakana na rangi ya manjano au ya krimu, mmoja baada ya mwingine, na ncha zote zinaelekea mkiani. Zikifika mkiani hugeuka kuwa mikanda ya kawaida. Rangi ya mwili yenyewe isikuongoze. Yupo wa kahawia, yupo wa kijivu, yupo wa manjano iliyokolea, na yupo mwekundumwekundu, hata ukidhani ni nyoka wanne tofauti. Aliyekaribia kujivua ngozi hufifia mpaka michoro haionekani vizuri. Tafuta zile V, na kama huzioni, baki ulipo. Usisogee ili uone vizuri.

Hapa kuna kanuni mbili zinazozunguka mitandaoni ambazo ningependa zife. Ya kwanza inasema nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ana sumu. Ya pili inasema mwenye mboni ya jicho iliyosimama wima ana sumu. Kwa kifutu zote mbili ni kweli, na ndiyo maana watu wanaziamini. Mpeleke koboko kwenye mtihani huohuo: kichwa chake ni kirefu na chembamba, mboni yake ni ya duara, na kwa kanuni hizo angepita kama nyoka asiye na neno. Chatu, asiye na sumu hata tone, ana mboni ya wima. Tena wapo nyoka wasio na madhara ambao wakitishwa hutandaza kichwa kikawa pembetatu kamili. Kanuni fupi ya kutenganisha nyoka wa sumu na wasio na sumu kwa Afrika haipo. Kinachosaidia ni kumjua nyoka mmojammoja.

Anayefananishwa naye zaidi ni mtoto wa chatu. Chatu ana ngozi laini inayong'aa, mabaka yake hayana mpangilio wa V, na juu ya kichwa ana baka kubwa jeusi lenye umbo la mkuki linaloelekea puani. Wa pili ni nyoka mla mayai. Huyu ni mwembamba, hana meno ya maana, na kazi yake yote maishani ni kumeza mayai ya ndege na kutema maganda. Akibanwa hujikunja, hukisugua kipande kimoja cha mwili na kingine mpaka magamba yatoe sauti ya kutisha, na huruka kana kwamba atauma. Maigizo matupu, lakini yamemfanya auawe kwa maelfu badala ya nyoka anayemwigiza. Wa tatu ni nyoka wadogo wa jamii ya Causus, wanaokula vyura, ambao nao wana sumu ila hafifu kuliko ya kifutu. V ya kwao iko kichwani, ya kifutu iko mgongoni.

Sauti yake pia ni kitambulisho. Kifutu akikereka hujaza hewa mwilini na kuitoa kwa nguvu, mvumo mrefu unaokatika na kuanza tena, kama fundi pancha anapotoa upepo kwenye tairi la lori. Ukisikia hivyo gizani, simama kwanza ujue inatoka wapi, kisha rudi ulikotoka. Tatizo ni kwamba hapulizi kila mara. Akiamini hajaonekana hunyamaza kabisa, kwa sababu kupuliza ni kujitangaza.

Ufundi wa kukaa

Kuna watu humwita mvivu. Mimi naona jina hilo halimfai. Kutembea akitafuta mawindo kungemweka wazi kwa tai, nguchiro na wanyama wengine wanaomla, basi yeye amechagua njia ya mwenye subira. Huchagua sehemu panya wanapopita, anajikunja, nusu kajifunika majani, na anaweza kukaa hapo siku nyingi.

Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha jaribio lililoonyesha ukamilifu wa kujificha huko. Walifundisha mbwa na nguchiro wa kule kutambua harufu za nyoka. Nyoka wanaotembea wakiwinda walinuswa bila shida. Kifutu aliye hai hakunuswa. Wanyama wenye pua kali kuliko zetu mara nyingi walimpita kana kwamba hayupo. Kwa hiyo mbwa wako wa Mbezi anaweza kulala mita mbili kutoka alipo kifutu na asibweke.

Miaka miwili baadaye watafiti wa nchi hiyohiyo walieleza jambo jingine lililonaswa kwenye video. Kifutu aliyejificha hutoa ulimi na kuuchezesha hewani kwa muda mrefu kuliko nyoka anavyofanya kawaida, na hufanya hivyo akiwa karibu na chura. Chura anadhani kaona mdudu. Panya akipita, ulimi hauchezeshwi, kwa sababu panya hadanganyiki na mdudu wa namna hiyo. Ncha ya mkia nayo hutumika kama chambo. Nyoka tunayemwita mzito wa akili anajua mgeni gani anadanganywa kwa kitu gani.

Hata mwendo wake ni wa mtu asiye na haraka. Badala ya kujipindapinda, mara nyingi anatambaa amenyooka, magamba ya tumboni yakishika ardhi na kuuvuta mwili mbele, na kwenye mchanga anaacha mfereji mmoja ulionyooka. Polepole hiyo isikuhadae. Shambulio lake linamalizika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na meno yake ya sumu, yanayokunjwa juu ya kaakaa mdomo ukifungwa, yanaweza kufikia milimita 12 hadi 18. Suruali nyepesi si kitu kwake. Buti la mpira linalofika chini ya goti linasaidia kweli.

Husemwa pia kwamba watoto wa kifutu humtoboa mama yao tumbo wakitoka. Si kweli, ila naona chanzo chake. Kifutu hatagi. Mayai hukua tumboni na watoto huzaliwa wazima, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mkupuo, na jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyefugwa kwenye bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki alizaa 156. Mkate jike mwenye mimba kwa panga, utaona watoto wakimwagika kutoka tumboni, na hadithi itajiandika yenyewe. Watoto hao wana sumu tangu dakika ya kwanza.

Sumu inavyofanya kazi

Sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu: kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, pumzi inakata. Ya kifutu inashughulika na nyama na damu. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyobomoa kuta za mishipa midogo ya damu, na protini nyingine zinazozuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zisigandane. Matokeo yake damu na maji ya mwilini vinavuja kutoka kwenye mishipa na kujaa kwenye nyama.

Maumivu huanza papo hapo, makali, ya kuunguza. Uvimbe unaanza ndani ya dakika chache na unapanda: kifundo, goti, paja. Mtoki unajitokeza kwenye kinena. Baadaye hutokea malengelenge yenye maji ya damu, na nyama iliyozunguka jeraha inaweza kuoza. Anayekufa kwa kifutu mara nyingi hafi saa ile ile. Damu na maji mengi vikishahamia mguuni, presha inashuka, figo zinashindwa, au vidonda vinapata maambukizi siku za baadaye. Ndiyo maana hesabu ya vifo peke yake haitoshi kumpima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na kwamba wanaobaki na ulemavu wa kudumu, wakiwemo waliokatwa viungo, ni kama mara tatu ya hao. Kifutu ana mkono mkubwa kwenye hilo fungu la pili kwa upande wa Afrika.

Kwa kuielewa sumu hiyo utaona kwa nini kufunga mguu kwa kamba ni kosa kubwa kwa nyoka huyu hasa. Kamba inaifungia sumu ya kuozesha sehemu moja, na mguu unaovimba unaikaza kamba zaidi kila dakika hadi damu safi isipite. Mguu ambao pengine ungepona unafika hospitali umekuwa mweusi. Kuchanja kwa wembe ni kufungua mlango wa damu kwa mtu ambaye damu yake inaweza kuwa haigandi. Kunyonya jeraha hakutoi sumu iliyoingia sentimita moja ndani ya nyama. Jiwe la nyoka, lile jeusi linalogandishwa kwenye kidonda, kwa kawaida ni mfupa uliochomwa. Linaganda kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu, basi.

"Lakini babu fulani lilimsaidia." Sibishi kwamba alipona. Wengi huumwa na nyoka wasio na sumu, na hata kifutu wakati mwingine huuma bila kumwaga sumu, au humwaga kidogo. Mtu wa namna hiyo angepona hata angepakwa mafuta ya nazi. Mganga anahesabiwa waliopona, waliozidiwa wanahesabiwa hospitali.

Baada ya kuumwa

Mtoe mtu pale alipo, maana nyoka bado yupo. Usimfukuze nyoka ili umuue, wala usimbebe aliyekufa: kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma kwa muda. Ukiweza kumpiga picha kwa simu ukiwa mbali, sawa. Vua pete, bangili, kikuku, saa, shanga na viatu kabla uvimbe haujafika, kwa sababu baadaye vitageuka kuwa kamba. Mguu usitembelewe. Ufunge kibao au kipande cha mti pembeni ili usikunjike, bila kukaza. Chukua kalamu, chora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipoishia na uandike saa pembeni yake, kisha rudia kila unapoongezeka. Daktari akiona mistari mitatu yenye saa anajua kasi ya sumu bila kuuliza mtu.

Maumivu yapewe parasetamoli. Aspirini na diklofenaki ziachwe, kwani zinaongeza hatari ya kutoka damu. Gari au bajaji ni bora, lakini kama kilichopo ni bodaboda, mgonjwa akae katikati na mtu wa kumshikilia nyuma, na muondoke. Mkiwa njiani pigeni simu kuuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila kituo kinayo. Tatizo hilo si la Dar peke yake. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyokuwa ikitegemewa sana Afrika, na chupa za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika.

Hospitali hakuna anayehitaji maiti ya nyoka. Dawa ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini imeundwa kwa sumu za nyoka kadhaa, kifutu na koboko wakiwemo, na daktari anaongozwa zaidi na dalili. Kipimo kimoja anachokitegemea hakihitaji mashine: mililita 2 za damu zinawekwa kwenye kichupa cha kioo kikavu na kisafi, kinaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha kinainamishwa. Damu ikimwagika bado ni maji, sumu imeshashika mfumo wa kugandisha. Kipimo hurudiwa, na mgonjwa asiye na dalili hubakizwa kwa uangalizi hadi saa 24.

Dawa yenyewe hutokana na farasi waliozoeshwa sumu kidogokidogo mpaka damu yao ikatengeneza kinga. Kwa hiyo hupewa kwa dripu, adrenalini, dawa ya kutuliza mzio mkali, ikiwa tayari pembeni, kwa kuwa mwili wa baadhi ya watu huikataa dawa hiyo ya farasi kwa nguvu. Hupewa aliyeonyesha dalili za sumu, si kila aliyeumwa. Na mtoto hapunguziwi dozi. Wazazi hushtuka wakiona chupa zikiingia kwa mtoto wa miaka minne sawa na za baba yake, lakini dawa inapimwa kwa kiasi cha sumu, na kifutu hakumwagia mtoto sumu ya kitoto. Wiki moja au mbili baada ya kupewa dawa, baadhi ya wagonjwa hupata homa, vipele na maumivu ya viungo. Hiyo si sumu iliyorudi, ni mwili unaopambana na protini za farasi, na inatibika: mgonjwa arudi hospitali na karatasi yake ya kuruhusiwa ili wajue alipewa nini na lini.